Gundi ya kubandikia mapambo ya fondanti: maji, CMC, fondanti ya kuponda, royali au chokoleti, ipi kwa kazi ipi

Kwa mwenye haraka, yaani keki iko mezani na mteja keshapiga simu mara mbili, jibu ni hili. Pambo jepesi, bapa na bado laini, tumia maji, tena kiduchu. Pambo dogo la kubandika ubavuni mwa keki au linalosimama lenyewe, tumia gundi ya CMC (unga mweupe wa chakula unaokorogwa na maji ukawa ute). Kitu kizito kilichokwisha kukauka, tumia fondanti (ile sukari laini ya kukanda na kusukuma tunayofunikia keki) iliyopondwa na maji mpaka ikawa kama dawa ya meno, au royali aisingi (ya ute wa yai na aisingi shuga). Chokoleti waachieni walioko sehemu za baridi na wenye kiyoyozi. Wenye muda karibuni tukae, maana kila moja hapo ina mambo yake na ndo yanayoharibu keki za watu.

Swali ninaloulizwa sana ni "dada gundi kali ni ipi" na mie kabla sijajibu nauliza matatu: hicho kitu kina uzito gani, kimekauka au kibichi, na keki itakaa wapi mpaka ikatwe. Fondanti ni sukari, ukiilowesha juu inayeyuka kidogo inaanza kunata, ikikauka tena vile vipande viwili vinakuwa vimeshikana. Maji, CMC, fondanti ya kuponda, royali, zote zinafanya kazi kwa njia hiyohiyo ya kulowesha halafu kukauka, zinatofautiana unene tu na kiasi cha maji kinachoingia kwenye kazi yako. Kwahiyo pambo likidondoka mara nyingi sio kwamba gundi ilikuwa dhaifu, ni kwamba ilipakwa nyingi, au haikupewa muda, au hewa ilikuwa imejaa unyevu haikukauka kabisa. Sie wa Dar, Tanga, Zanzibar na Mombasa hilo la tatu tunalijua vizuri, hasa masika mwezi wa 3 mpaka wa 5, ua ambalo mwenzako wa Iringa linamkaukia kwa siku moja wewe unalilaza siku tatu na bado ukiligusa lina ulaini.

Nianze na maji maana ndo bei rahisi na ndo yanayodharauliwa. Nyota, vidoti, herufi za kukata na kata (kile kifaa cha kukatia maumbo), mistari, ukanda wa chini ya keki, vyote hivyo vikiwa bado vibichi vinashikwa na maji matupu bila shida yoyote. Chovya brashi ndogo, ikaushe kwenye tishu, ndo upake, na paka kwenye pambo kwa nyuma katikati, usiende mpaka ukingoni. Ukiona maji yanang'aa yametuama basi umeshazidisha, yafute. Mie iliwahi kunitokea kwenye keki ya sendofu, nyeupe, maua mekundu, nikalowesha kama naosha, asubuhi nakuta wekundu umeshuka kama machozi ubavu mzima na ilibidi nifunike upande ule kwa ukanda mpya masaa mawili kabla ya kupeleka. Tokea siku hiyo nyekundu, nyeusi na bluu ya giza siziwekei maji matupu juu ya nyeupe, naenda kwenye gundi nzito ambayo inakaa pale pale nilipoiweka. Na kwenye fondanti nyeusi tone moja tu la maji linaacha doa la kung'aa ambalo kwenye picha linaonekana kuliko hata kwa macho.

Kingine maji hayashiki kitu kikavu. Ua limeshakuwa gumu kama bisikuti, keki nayo imekauka juu, ukiweka maji katikati yatakauka yenyewe na ua litabaki halijashikana na chochote.

Sa CMC, na hapa ntakaa kidogo maana kama ni kununua kitu kimoja tu nunua hiki. Ni unga mweupe unaotokana na selulosi ya mimea, kwenye lebo za vyakula utauona kama E466, na ile Tylose ya maduka ya vifaa vya keki ni ya ukoo huohuo, kazi ni moja. Kutengeneza: chemsha maji, yaache yapoe yabaki vuguvugu, pima vijiko vikubwa 2 (mililita 30), mwagia juu robo kijiko cha chai cha CMC (kama gramu 1 hivi), funga kwenye kichupa kisafi cha kioo, tikisa, weka kwenye friji ulale. Usihangaike na madonge. Ule unga ukigusa maji unajifunga ngozi nje wakati ndani bado mkavu, ndo maana ukikoroga kwa nguvu unapata madonge na hasira, lakini ukiuacha usiku kucha maji yanapenya taratibu na asubuhi unakuta ute msafi unaopitisha mwanga, mzito kama jeli ya nywele. Ukiwa mzito sana ongeza maji kijiko cha chai kimoja kimoja, ukiwa mwepesi ongeza CMC kidogo na usubiri tena.

Tahadhari moja naomba muichukulie kwa uzito sana. CMC ndo hiyohiyo wanayotumia watengeneza sabuni za maji kuzipa uzito, na inauzwa kwenye maduka ya kemikali kwa bei ya chini, kwahiyo ukienda dukani ukasema tu "nipe CMC" unaweza kupewa ya sabuni. Ya viwandani haikusafishwa kwa ajili ya tumbo la mtu. Nunua iliyoandikwa kuwa ni ya chakula, kwenye pakiti iliyofungwa, sio ya kupimiwa kwenye kimfuko kisicho na jina. Tunalisha watoto wa watu jamani.

Uzuri wa CMC ukiilinganisha na maji: unaiweka inakaa, haishuki, ikikauka haionekani, haina rangi wala ladha, haina yai, haina mnyama ndani kwahiyo mteja wa dini yoyote na asiyekula nyama anakula. Inatosha vipepeo, mafundo ya riboni, shanga za sukari, masikio ya kidoli, vifungo vya shati la keki ya kipaimara. Ila ina masharti. Ukipaka usibandike hapohapo, hesabu kama dakika moja mpaka uone imeanza kunata, ndo ubandike ushikilie kidogo, wengi wanabandika ikiwa bado inateleza halafu wanasema CMC ni feki. Na inaharibika, yale ni maji tu hayana dawa ya kuhifadhia, kwenye friji mie naipa wiki moja mpaka mbili, ikianza kunuka au kuwa na ukungu juu namwaga bila kufikiria. Chota kidogo weka kwenye kisahani ndo uchovye brashi humo, usichovye brashi yenye makombo ya sukari kwenye kichupa kikubwa ukairudisha friji. Unaweza pia kuigandisha kwenye vitreya vya barafu ukawa unatoa kipande kimoja kwa kila kazi, umeme ukikatika lakini mpango huo unakufa, kwahiyo wa mitaa ya mgao tengenezeni kidogo kidogo.

Kinachoishinda CMC ni uzito. Kichwa cha kidoli cha gramu 60 juu ya shingo, au bango la jina lililokauka la kusimama juu ya keki, pale ute hauna nyama ya kujaza lile pengo katikati, maana vitu vikavu viwili haviketi sawasawa, vinagusana sehemu mbili tatu tu. Hapo ndo inaingia fondanti ya kuponda.

Hii wala hununui kitu. Chukua fondanti ileile ya rangi ya unachobandika, kama gramu 25, weka kijiko cha chai kimoja cha maji yaliyochemshwa yakapoa, ponda kwa mgongo wa kijiko, pasha sekunde 10 kwenye maikrowevu au weka bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto kama huna, ponda tena mpaka iwe kama dawa ya meno. Kama fondanti hiyo uliichanganya na CMC kwa ajili ya kufinyangia (kijiko cha chai 1 kwa gramu 250) inakuwa na nguvu zaidi, ikikauka ni kama saruji. Weka tone, bandika, futa kinachotokeza pembeni kwa brashi yenye unyevu kidogo. Kwa kuwa rangi ni ileile hata ikionekana haionekani, na inaziba nyufa na mapengo, jambo ambalo CMC hailiwezi kabisa.

Ukizilaza ubavu kwa ubavu hizi mbili ndo utaelewa. CMC inashika ndani ya dakika, fondanti ya kuponda inataka masaa, kazi ya kidoli mie nailaza usiku kucha imeegemezwa na sponji. CMC kichupa kimoja kinafanya rangi zote, fondanti ya kuponda unatengeneza ya kila rangi, keki ya rangi sita una visahani sita mezani. CMC haiachi alama, fondanti ya kuponda ukiwa mzembe inaacha kovu. CMC haiwezi pengo, fondanti ya kuponda ndo kazi yake hiyo. Mimi nikifinyanga vidoli nazitumia zote kwenye kidoli hichohicho, macho na nywele CMC, kichwa na mikono fondanti ya kuponda, na katikati ya shingo napitisha tambi mbichi ya spageti kama mfupa. Tambi sio kijiti cha meno. Kijiti mtoto anaking'ata bila kujua, tambi mbichi hata akiitafuna ni chakula, na kama mteja analazimisha kidoli kikubwa kinachohitaji kijiti basi mwandikie na umwambie kwa mdomo kitolewe kabla ya kukata.

Royali aisingi, ile ya ute wa yai na aisingi shuga inayokauka kama chaki, hii ni mpinzani wa fondanti ya kuponda kwa vitu vikavu. Ute wa yai moja kwa aisingi shuga gramu 150 mpaka 200, piga mpaka isimame. Inakauka haraka kuliko fondanti ya kuponda na inakuwa ngumu kweli, nyumba za bisikuti zinajengwa nayo. Shida yake ni weupe, kwenye pambo jeusi inaonekana mpaka uitie rangi, na ikishakauka haina mnyumbuko hata chembe, bajaji ikiruka tuta inaachia kwa mkupuo. Kwa keki inayosafiri kutoka Tegeta mpaka Mbagala mie nachagua fondanti ya kuponda. Kwa keki inayopambwa palepale ukumbini na kukaa, royali nzuri sana. Isipokuwa juu ya batakrimu, mafuta yanaila, inakuwa laini na kuachia, hapo bandika kwa tone la batakrimu yenyewe na mambo yameisha.

Kuna wanaopaka ute wa yai mbichi peke yake kama gundi, na unashika vizuri sikatai. Ila yai bichi linaweza kuwa na salmonela (vijidudu vya kuharisha), keki ya harusi inakaa ukumbini kuanzia saa nane mchana mpaka saa tano usiku kwenye joto letu, na anayepelekewa kipande cha kwanza ni bibi na wajukuu. Ukitaka kitu cha yai tumia unga wa ute uliokwisha kupasteurishwa (kupashwa moto kuua vijidudu), huo unachanganya na maji na royali inatoka vilevile. Mayai mabichi kwenye gundi mie nimeacha, na sitarudi.

Haya chokoleti. Hii ni tofauti na zote hizo kwa sababu haina maji, haikauki, inaganda. Kwahiyo maadui wake ni wengine kabisa: gundi za sukari zinaogopa unyevu, chokoleti inaogopa joto. Mafuta ya kakao yanayeyuka kwenye nyuzi kama 34, ila kabla hayajafika huko inakuwa imeshalegea, na chumba changu mwezi wa 2 saa nane mchana kinakaribia hapo bila kiyoyozi. Ila kwa mtu wa Arusha, Mbeya, Njombe, Nairobi, huko chokoleti nyeupe iliyoyeyushwa ni raha tupu, unaweka tone, unashikilia dakika mbili tatu, kitu kizito kimesimama, hakuna kulaza usiku. Na ina faida moja ambayo hata sie wa pwani tuijue: keki ikitoka kwenye friji ikaanza kutoa jasho, herufi zilizobandikwa kwa CMC zinaanza kuteleza kwa sababu CMC ikilowa inarudi kuwa ute, lakini iliyobandikwa kwa chokoleti haiyeyuki kwa maji. Kwahiyo ukumbi wenye kiyoyozi, gari lenye kiyoyozi, keki ya friji, tumia chokoleti. Harusi ya hema uwanjani Kigamboni, usithubutu.

Hapohapo kwenye jasho la friji, kama keki yako ya fondanti ni lazima iingie friji ifunge kwenye boksi, na ukiitoa usifungue boksi mpaka joto la ndani lilingane na la chumbani, ule mvuke ugandie kwenye boksi usigandie kwenye keki. Hiyo peke yake imeniokolea maua mengi kuliko gundi yoyote. Na keki ya wipkrimu inayotaka vidoli vya fondanti, vidoli vipake chokoleti kwa chini viache vigande, viweke dakika za mwisho kabisa, la sivyo wipkrimu inavilowesha vinaanza kuinama kama wamechoka.

Zilizobaki nazipitia haraka. Asali na sirapu ya glukosi zinanata lakini hazikauki kamwe, nzuri kwa kurushia vinyunyizio na sukari za kumetameta, mbaya kwa kitu chochote cha kusimama, na asali haifai kwa mtoto ambaye hajafikisha miezi 12 kwahiyo keki za sherehe za vichanga niliiondoa. Uji wa koniflawa (kijiko cha chai 1 kwa maji vijiko vikubwa 3, unapika mpaka uwe wa kupitisha mwanga) unafaa siku ile umeishiwa kila kitu na maduka yamefungwa, unashika vitu vyepesi, kesho yake unachacha. Gundi ya mgunga, ile gamu arabiki E414, Sudan ndo wazalishaji wakubwa na hata kaskazini mwa Kenya wanaivuna, unga wake sehemu 1 kwa maji ya moto sehemu 3, inashika vizuri tena inang'aa, ila ina unjano kidogo kwahiyo juu ya nyeupe siipendi, na kuipata safi ya chakula sio rahisi kama CMC. Wengine wanatumia vodka badala ya maji kwa sababu inakauka haraka na haiachi doa, kweli kabisa, lakini wateja wangu nusu ni Waislamu na siwezi kumwekea mtu kitu ambacho akiuliza ntashindwa kumwangalia usoni. Na gundi za jelatini nazo soma lebo, kuna ya ng'ombe na kuna ya nguruwe, fondanti za mashimelo pia zina jelatini, kwahiyo mteja akitaka halali usiishie kwenye gundi, anzia kwenye fondanti yenyewe.

Tufanye mifano ya kazi halisi. Keki ya komunio, msalaba bapa na herufi, nyeupe juu ya nyeupe, maji yanatosha. Keki ya kitchen pati yenye sufuria, mwiko na kinu cha fondanti juu, vimekauka siku tatu, hapo fondanti ya kuponda. Keki ya ghorofa tatu yenye maua ubavuni, weka CMC kwa petali na yale maua makubwa pigia tone la fondanti ya kuponda kisha egemeza na sponji mpaka yashike, usitegemee CMC peke yake kwenye ukuta wima. Nambari kubwa ya kusimama juu, tambi ndani na fondanti ya kuponda chini. Shanga na vidoti 200, CMC, na muziki wa kusikiliza.

Jambo moja linaniumiza roho kuliko hata keki iliyodondoka. Nimeona kwa macho yangu mapambo yamebandikwa kwa gundi ya bunduki, ile plastiki ya moto, kwenye keki ya kuliwa, na nyingine supaglu kabisa, aliyefanya hivyo anasema "si haina sumu". Kitu kutokuwa na sumu hakukifanyi kiwe chakula. Gundi ya bunduki mwisho wake ni riboni kwenye ubao wa keki, upande ambao kisu hakifiki, na keki ya maonyesho ambayo ndani ni foma.

Siku ya kupeleka beba kichupa cha CMC, kidonge cha fondanti ya kila rangi kwenye nailoni, brashi mbili, tishu, na maua mawili matatu ya akiba. Keki ibebwe kwenye gari sio bodaboda, iwekwe chini miguuni ambako ni bapa, sio kwenye kiti maana kiti kina mteremko, na ukifika usianze kubandika kilichoachia hapohapo ukiwa na haraka: futa gundi ya zamani kwanza, pakaushe, ndo upake mpya.